Don Bosco na Kikundi cha Vijana Kisichokuwa na Mahali

Mara nyingi tunasikia kwamba kikundi cha vijana parokiani kimekufa kwa kukosa fedha na mahali pa kukutania. Tumtazame Mtakatifu Yohane Bosco, aliyeanza bila hivyo vyote viwili.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kaskazini mwa Italia, katika familia ya wakulima. Baba yake alifariki yeye akiwa hajatimiza miaka 2, akalelewa na mama yake, Margherita. Mwaka 1841 alipewa daraja ya upadre, akaenda Torino. Mji huo ulijaa vijana waliotoka vijijini kutafuta vibarua, na baadhi yao waliishia gerezani. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo alianza na kijana mmoja tu, yatima Bartolomeo Garelli. Kila Dominika vijana walikuja kwa Misa, katekisimu na michezo.

Walipoongezeka, shida nazo ziliongezeka. Majirani walilalamikia kelele, wakahamishwa huku na huku: makaburini, kwenye mashine za kusaga nafaka, hata shambani. Marchesa Giulia di Barolo, aliyemwajiri kama padre wa taasisi zake, alimtaka achague kati ya kazi hiyo na vijana. Akachagua vijana, akapoteza mshahara. Pasaka ya mwaka 1846 walipata banda la Pinardi, mtaa wa Valdocco. Miezi michache baadaye uchovu ulimlaza kitandani karibu kufa. Alipopona, mama yake alihamia Torino kumsaidia, akauza hata vitu vyake vya arusi ili vijana wapate mahitaji.

Fedha alizitafuta bila kuona haya. Aligonga milango ya matajiri, akaandika barua, akachezesha bahati nasibu kwa zawadi alizochangiwa. Ndivyo alivyojenga kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Sale, lililobarikiwa mwaka 1852. Hata hivyo madeni hayakumwisha. Kuanzia mwaka 1853 alifungua karakana za viatu na ushonaji, baadaye za uchapaji, vijana wapate ufundi. Waliofanya kazi mjini aliwaandikia mikataba na waajiri wao, wasinyonywe.

Zaidi ya yote, aliwalea vijana wenyewe kuwa viongozi. Mwaka 1859 alipoanzisha Shirika la Wasalesiani, wenzake karibu wote walikuwa vijana aliowalea. Mmoja wao, Michele Rua, aliyemfahamu tangu utotoni, ndiye aliyemrithi. Don Bosco alifariki tarehe 31 Januari 1888, akatangazwa mtakatifu mwaka 1934.

Sisi tunaojiandaa kutumwa parokiani tunajifunza kwamba mfuko mtupu ni msalaba wa kweli, lakini hauui kikundi. Kikundi hufa pale mlezi anapoondoka na hakuna kijana aliyeandaliwa kushika nafasi yake. Tuombe misaada bila haya, na tuanze mapema kuwakabidhi vijana majukumu.

Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.