Robert Serumaga na Jumba la Maigizo la Kampala



Sisi tuliosoma Masakta tunavijua vita vya Kagera kwa masimulizi ya wazee wetu. Tunajua jinsi majeshi ya Idi Amin yalivyovamia ardhi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978, na jinsi vijana wa nchi hii, wengine kutoka Mbulu na Hanang, walivyokwenda mpaka Kampala. Lakini ni wachache wanaojua kwamba miongoni mwa Waganda wa uhamishoni waliokuwa wakitafuta kumwondoa Amin wakati huo, alikuwamo mtunzi wa michezo ya kuigiza. Jina lake ni Robert Serumaga. Habari zake haziwezi kutenganishwa na habari za jumba moja kubwa katikati ya jiji la Kampala, na kwa sababu hiyo nitavieleza vyote viwili pamoja.

Jumba la Taifa la Maigizo la Uganda lilifunguliwa mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya Uhuru wa nchi ile. Ni jengo la saruji ambalo ukuta wake wa mbele umetobolewa kama wavu. Katika miaka yake ya kwanza lilitumiwa zaidi na vikundi vya Wazungu na Waasia waliocheza kwa ridhaa, na michezo mingi iliyoonyeshwa ilikuwa ya Ulaya. Si kwamba Waafrika hawakuwa na sanaa hiyo. Tangu mwaka 1954 mwalimu Wycliffe Kiyingi alikuwa ameunda kundi la Waafrika watupu, wakicheza kwa Kiganda. Jumba lilipofunguliwa, watu wenye michezo yao walikuwapo tayari. Kilichokosekana ni nafasi yao ndani ya kuta zile.

Serumaga alizaliwa mwaka 1939 huko Buganda. Baada ya masomo ya sekondari alipelekwa Ayalandi, akasoma uchumi katika Trinity College, Dublin, na kupata shahada ya juu mwaka 1965. Inafaa tukumbuke kwamba Dublin ni mji wa Abbey Theatre, jumba lililofunguliwa mwaka 1904, wakati Waayalandi wakiwa bado chini ya Waingereza, ili wajione wenyewe jukwaani badala ya kuwatazama wageni siku zote. Katika mji wa namna hiyo ndimo kijana wa Kiganda alimosomea hesabu za uchumi. Huko Uingereza nako akaonja kazi ya maigizo ya redioni.

Aliporudi nyumbani, hakuiacha kalamu. Aliunda kundi lililoitwa Theatre Limited, akiwa na nia ya kuifanya sanaa ya maigizo kazi kamili, si burudani ya jioni baada ya kazi za ofisini. Jukwaa la Jumba la Taifa likawa uwanja wake. Mchezo wake wa kwanza kujulikana, wa mwaka 1967, unamhusu mzee anayesumbuliwa na kumbukumbu ya kifo cha mkewe. Ukafuatiwa na The Elephants, kisha Majangwa, unaohusu mwanamuziki wa barabarani na mkewe. Mwaka 1969 alitoa riwaya iitwayo Return to the Shadows, inayosimulia nchi ya kubuniwa ambamo serikali hupinduliwa na raia wa kawaida hubaki kuumia. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Amin alimpindua Obote. Msomaji aliyekuwa na riwaya ile mkononi siku hiyo hakuhitaji kufafanuliwa mambo.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ya maisha yake inayostahili kutazamwa kwa makini. Chini ya Amin, neno moja liliweza kumponza mtu. Wengi waliamua kunyamaza, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Serumaga alichagua njia nyingine. Aliwakusanya vijana, akawapa mazoezi makali ya mwili na sauti, na kundi hilo likaitwa Abafumi, maana yake wasimulizi wa hadithi. Katika mchezo wa Renga Moi, wa mwaka 1972, maneno yalipungua, na mahali pake pakashikwa na ngoma, nyimbo na miondoko, tena kwa lugha kadhaa za Uganda. Ni habari ya shujaa ambaye kijiji chake kinashambuliwa wakati yeye ana mapacha wachanga, na mila inamkataza kumwaga damu kabla tambiko la watoto halijatimizwa. Je, awalinde wanawe au awalinde watu wake? Mwaka 1974 ukaja Amayirikiti, uliopewa jina la miti yenye maua mekundu kama damu. Huo haukuwa na maneno hata kidogo.

Tazameni busara yake. Mkaguzi wa serikali hufuta mstari ulioandikwa, lakini mguu unaoburutwa sakafuni ataufutaje? Watazamaji walielewa, na hapakuwa na karatasi ya kuwashitakia wachezaji. Serikali ile iliwaruhusu hata kusafiri nje, na mwaka 1975 Abafumi walicheza London katika tamasha la michezo ya mataifa. Basi Uganda ikasifiwa ughaibuni kwa kazi ambayo, kwa mwenye macho, ilikuwa kilio cha Waganda.

Hata hivyo, busara hiyo ilikuwa na mpaka wake. Mkurugenzi wa sanaa wa Jumba la Taifa alikuwa Byron Kawadwa, mtunzi mwenye kupendwa sana na watu wa kawaida, kwa sababu aliwaandikia kwa Kiganda na kuwaimbia. Mapema mwaka 1977 mchezo wake wa nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, uliiwakilisha Uganda katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi huko Lagos. Ni habari ya fitina za ikulu na watu wanaotamani kiti kisicho chao. Wakubwa wakajiona humo. Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama, akauawa. Ulikuwa mwaka ule ule alipouawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Jumba lilibaki limesimama na ukuta wake wenye matundu, lakini mwenye sauti alikuwa amekwisha ondolewa.

Serumaga alikimbilia Nairobi. Huko aliacha kutunga, akaingia katika siasa za ukombozi, akiongoza kundi mojawapo la wapinzani wa Amin. Mwezi Machi 1979 makundi ya Waganda yalikutana Moshi, na tarehe 11 Aprili Kampala ikakombolewa. Katika serikali ya Yusuf Lule, Serumaga alipewa uwaziri wa biashara, na shahada yake ya uchumi ikapata kazi. Serikali hiyo ilidumu siku 68 tu. Lule alipoondolewa mwezi Juni, Serumaga alirudi tena uhamishoni, na mwezi Septemba 1980 alifariki mjini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 41 hivi.

Wako wanaosema angebaki jukwaani angeishi zaidi na kuandika zaidi. Mimi nikiwa mtumishi wa serikali najua kwamba siku 68 hazitoshi hata kupanga mafaili ya wizara. Lakini tukumbuke Renga Moi. Mtunzi aliwauliza watazamaji wake kama mtu awachague wanawe au watu wake, kisha swali likamrudia mwenyewe. Wana wake walikuwa michezo ambayo bado hajaiandika. Aliwachagua watu wake, akalipa. Mimi naona ni vigumu kumhukumu mtu aliyeishi kama alivyoandika.

Jumba la Kampala lingalipo hata leo, na vijana wanacheza humo. Nimeyaandika haya katika jarida letu kwa sababu kila tukutanapo hujitokeza mmoja wetu na pendekezo la kuijengea shule ukumbi wa maana, badala ya bwalo ambamo tulicheza michezo yetu sakafu ikinuka maharage. Naunga mkono, na mchango wangu nitautoa. Ila tusisahau kwamba jumba la Kampala lilikuwa na viti vyote na taa zote mwaka 1977, na bado lilikuwa tupu. Tukiwajengea vijana ukumbi, tuwaachie pia nafasi ya kusema humo yale ambayo sisi wazee hatutapenda kuyasikia. Bila hivyo, bwalo linatosha.