Mwanafunzi Mtu Mzima wa Paris

Jamaa nyingi za Kikristo zina mtoto aliye masomoni ng'ambo, au anayefunga mizigo yake sasa. Wazazi humwombea afaulu mitihani, nasi twaona ni vema. Lakini ugenini kuna mitihani mingine isiyoandikwa katika karatasi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliijua. Wengi wamjua kuwa mwanzilishi wa Shirika la Yesu. Wachache humkumbuka kuwa mwanafunzi maskini katika nchi ya watu.

Inyasi, askari wa ukoo mkubwa wa Hispania, alivunjwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521. Mwaka 1524, akiwa na miaka 33 hivi, aliketi na watoto Barcelona kujifunza Kilatini. Kisha, huko Alcalá, alifanya haraka, akashika masomo mengi kwa mara moja, asilipate hata moja barabara. Alipofika Paris kwa miguu, Februari 1528, alitambua kwamba msingi wake ni dhaifu. Basi akarudia sarufi ya Kilatini katika Chuo cha Montaigu, mtu wa miaka zaidi ya 35 kati ya wavulana.

Mtihani wa pili ulikuwa fedha. Alimkabidhi Mhispania mwenzake akiba yake amtunzie. Yule akaitumia yote, asiweze kulipa. Inyasi akahamia nyumba ya maskini ya Saint-Jacques, mbali na chuo. Mlango wake ulifungwa jioni na kufunguliwa kumekwisha kucha, hata akakosa baadhi ya masomo. Alitafuta bwana wa kumtumikia ili apate kusoma, asimpate. Ndipo, kwa shauri la mtawa mmoja, akaanza kwenda Bruges na Antwerp kila mwaka kuwaomba wafanyabiashara wa Kihispania, na mara moja hata London. Akarudi na riziki ya mwaka mzima. Na yule aliyemlia fedha alipougua Rouen, akiwa njiani kurudi kwao, Inyasi alimwendea kwa miguu, akamfariji na kumtafutia merikebu.

Mtihani wa tatu ni wenzi. Mwaka 1529, katika Chuo cha Sainte-Barbe, alipata kukaa chumba kimoja na Pierre Favre, mwana wa wakulima wa Savoie, na Fransisko Ksaveri wa Navarra. Favre, mdogo kwake kwa miaka 15, ndiye aliyemfafanulia Aristotle, naye hakuona haya kufundishwa. Ksaveri hakuvutwa upesi. Lakini tarehe 15 Agosti 1534 watatu hao na wengine wanne waliweka nadhiri Montmartre. Ksaveri huyo ndiye aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa.

Mwaka 1551, huko Roma, Inyasi alifungua shule isiyotoza karo. Ndiyo Chuo Kikuu cha Gregoriana cha leo, ambamo mapadre wengi wa Afrika wamesoma. Aliyeomba karo mlangoni mwa watu hakutaka wengine waombe. Alifariki tarehe 31 Julai 1556.

Basi, wazazi, mnapomwandikia mtoto wenu aliye mbali, msiulize maksi tu. Mwulizeni amekula nini, na anakaa chumba kimoja na nani. Na wewe mwanafunzi, ukiona msingi wako una ufa, usione aibu kurudi nyuma na kuanza upya.