Louis Pasteur: mtu aliyetafuta kinachoharibu pombe

Kama nyumbani kwenu mnatengeneza pombe ya ndizi, mbege au togwa, unajua hasara ya pipa zima kuharibika. Umepoteza nafaka, kuni na maji uliyoyapangia foleni. Aliyeonyesha chanzo cha hasara hiyo ni Mfaransa, Louis Pasteur.

Alizaliwa mwaka 1822 katika mji wa Dole. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi. Pasteur alisomea kemia, na mwaka 1854 akaenda kuongoza kitivo cha sayansi mjini Lille. Mwaka 1856, mwenye kiwanda cha pombe ya viazi sukari alimlalamikia kuwa baadhi ya mapipa yake yanageuka machachu. Pasteur hakutafuta wa kumlaumu. Alichukua tone kutoka pipa zuri na tone kutoka pipa bovu, akayatazama kwa hadubini. Katika pipa zuri aliona chembe za mviringo za hamira. Katika bovu aliona vijiti vidogo mno: bakteria wanaotengeneza asidi.

Wengi waliamini vijidudu hivyo huzuka vyenyewe. Pasteur alichemsha mchuzi katika chupa zenye shingo ndefu iliyopinda. Hewa iliingia, lakini vumbi lilinaswa shingoni, na mchuzi ukabaki mzima. Shingo ilipovunjwa, mchuzi uliharibika. Uharibifu, basi, ulitoka nje.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Kati ya watoto wake watano, watatu walifariki wakiwa wadogo, wawili kwa homa ya matumbo. Mwaka 1868 alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kushoto. Mwaka 1871, wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prussia, alisafiri na mkewe kumtafuta mwana wao askari katikati ya jeshi lililoshindwa. Walimkuta mgonjwa, lakini hai.

Mwaka huohuo alianza kazi ya bia. Katika kiwanda kikubwa cha London aliomba kuona hamira, akawaonyesha kuwa imechanganyika na vijidudu vingine. Aliporudi baada ya siku chache, walikuwa wamenunua hadubini na kubadilisha hamira. Mwaka 1876 alitoa kitabu kuhusu bia na magonjwa yake. Mwaka 1885 chanjo yake ilitumiwa kwa mvulana aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Alifariki mwaka 1895.

Wewe huna hadubini, lakini njia yake unaweza kuifuata. Linganisha pipa zuri na bovu: nini kilitofautiana? Chunguza kimoja kimoja: maji, chachu ya zamani, kata ya kuchotea, kitambaa cha kufunikia, mikwaruzo ndani ya ndoo ya plastiki. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, ndipo utajua mkosaji. Chemsha maji, osha vyombo kwa sabuni na uvisuuze kwa maji yaliyochemshwa, kisha funika vizuri.

Tahadhari moja: usafi huu hauondoi sumu ya methanoli inayoweza kuwa katika gongo. Hata kuichemsha hakuifanyi kuwa salama. Mtu akinywa kisha macho yakafifia, mpelekeni kituo cha afya mara moja.