Mike Hailwood: Bingwa wa Barabara na Kiwanja

Wasomaji wangu, wako waendeshaji pikipiki waliosifika viwanjani, na wako waliosifika barabarani. Marehemu Mike Hailwood, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1940, alisifika huku na huku, na ndiyo sababu leo namtaja.

Enzi yake, ubingwa wa dunia ulichanganya mambo mawili yasiyofanana. Kulikuwa na mbio za viwanja maalumu, kama Monza nchini Italia, ambako njia haina kazi nyingine ila mashindano. Tena kulikuwa na mbio za barabara za raia, zilizofungwa kwa muda. Mashuhuri kupita zote ni TT ya Kisiwa cha Man. Mzunguko wake mmoja ni kama kilomita 60, takriban mwendo wa Mombasa hadi Kilifi, nao hukata vijijini na mlimani, baina ya kuta za mawe, nguzo na milango ya nyumba za watu. Anayeteleza hapo, ukuta haumhurumii. Hata hivyo, mshindi wa kisiwani alipewa pointi 8, na wa Monza 8 vilevile.

Hailwood hakulalamika. Mwaka 1961 alishinda mbio tatu za TT katika wiki moja, jambo ambalo hakuna aliyemtangulia. Kuanzia 1962 hadi 1965 alitwaa ubingwa wa pikipiki za 500 miaka minne mfululizo. Jumla yake ni mataji 9 ya dunia, na ushindi wa TT mara 14.

Mwaka 1967 ndio ulioonyesha uzito wa hesabu ile. Yeye akiwa na Honda, Giacomo Agostini wa Italia akiwa na MV Agusta, walifukuzana kisiwani hata mnyororo wa Agostini ukakatika, Hailwood akashinda. Kule Monza mambo yakageuka: Hailwood akitangulia, giaboksi ikamharibikia karibu na mwisho. Msimu ulipokwisha kila mmoja alikuwa na ushindi mara 5 na pointi 46. Taji likamwendea Agostini kwa kuwa alishika nafasi ya pili mara nyingi zaidi.

Mwaka 1972 Gilberto Parlotti, Mwitalia aliyekuwa akiongoza ubingwa wa pikipiki za 125, alikwenda kisiwani kutafuta pointi. Mvua ikanyesha, akaanguka, akafa. Agostini, rafiki yake, akaapa kutorudi tena, na wengine wakamfuata. Baada ya mashindano ya 1976, TT ikaondolewa katika ubingwa ule, na mbio za Uingereza zikahamia kiwanja cha Silverstone.

Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Mtu kuifuata hatari kwa hiari yake ni shauri lake. Ama kumwambia kwamba asipokwenda atapoteza taji na riziki, huko ni kumburuta.

Hailwood mwenyewe alirudi kwa hiari. Alikwisha kuhamia mbio za magari, na mwaka 1974 akavunjika mguu vibaya huko Nürburgring. Mwaka 1978, mwenye umri wa miaka 38, baada ya miaka 11 bila TT, alipanda Ducati akashinda mbio za Formula One, zilizopewa hadhi ya ubingwa wa dunia. Siku chache baadaye akashinda tena na Ducati ileile katika kiwanja cha Mallory Park. Mwaka 1979 alishinda TT kwa mara ya mwisho, akiwa na Suzuki.

Waama, ajali haina kinga. Machi 1981 alitoka nyumbani kwa gari na wanawe wawili kwenda kununua samaki na chipsi. Lori likageuza njia mbele yake. Binti yake akafa siku hiyo, naye akafuata siku mbili baadaye; mwanawe wa kiume akanusurika. Kuta za Kisiwa cha Man zilimwacha salama miaka yote, ajali yake ikamngoja katika barabara aliyoizoea, karibu na kwake.