Pollard: Mfupi aliyewaongoza majitu ugani

SIKU hizi si ajabu kumwona mtu mweusi akiongoza mashambulizi katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Aliyefyeka njia hiyo ni marehemu Fritz Pollard.

Alizaliwa Chicago mnamo Januari 27, 1894, akapewa jina la Frederick Douglass, mpiganiaji mashuhuri wa uhuru wa watumwa.

Katika mchezo unaopenda miraba minne, Pollard alikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 9 na uzani wa kilo 75 hivi. Silaha yake ilikuwa kasi na chenga.

Akiwa Chuo Kikuu cha Brown, alikuwa mweusi wa kwanza kucheza mechi ya Rose Bowl, Januari 1916.

Mnamo 1919 alijiunga na timu ya kulipwa ya Akron, jimboni Ohio. Huko alivalia jezi katika duka la sigara la mmiliki wa timu, mbali na wenzake. Mashabiki walimtusi, nao wapinzani wakamrukia hata baada ya kuanguka. Alijifunza kubingirika chali na kuinua njumu juu, na aliyetaka kumlalia akafikiri mara mbili.

Mwaka wa 1920 Akron ilitwaa ubingwa wa kwanza wa ligi hiyo bila kushindwa mechi hata moja. Mwaka uliofuata Pollard alicheza huku akiwa kocha, mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo.

Mnamo 1923 aliichezea Hammond ya Indiana kama kwotabeki, yule anayewapangia wenzake mashambulizi. Wengi humtaja kuwa mweusi wa kwanza katika nafasi hiyo.

Hata hivyo, mlango ulifungwa nyuma yake. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mweusi aliyecheza NFL. Pollard hakukunja mikono. Aliunda na kufunza timu za weusi Chicago na New York.

Alifariki Mei 11, 1986. Kocha mkuu mwingine mweusi, Art Shell, aliteuliwa 1989, naye Pollard akaingizwa katika Jumba la Mashujaa la futiboli ya kulipwa mnamo 2005.

Mvumilivu hula mbivu, lakini za Pollard ziliiva akiwa kaburini, wakazila waliomfuata.