Josef Sudek, Askari Aliyeivizia Nuru

Josef Sudek alizaliwa tarehe 17 Machi 1896 katika mji wa Kolín, nchini Bohemia, iliyokuwa zama hizo chini ya dola ya Austria na Hungaria. Kazi aliyofundishwa ni ya kujalidi vitabu. Mwaka 1915 aliingizwa jeshini, akapelekwa kupigana na Waitalia. Huko kipande cha kombora kilimjeruhi mkono wa kulia, na waganga wakalazimika kuukata.

Kitabu hakijalidiwi kwa mkono mmoja. Sudek alikaa hospitalini miaka mitatu hivi, na katika makao ya askari walemavu mjini Prague akawa anawapiga picha majeruhi wenzake. Posho ya ulemavu ilimwezesha kusomea ufundi huo tangu 1922 hadi 1924. Kamera yake kubwa ya miguu mitatu aliibeba begani, na pale mkono uliposhindwa alitumia meno.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus lilikuwa likimaliziwa kujengwa. Mwingine angalipiga picha minara tu. Sudek alipiga pia mbao na zana za mafundi, miali ya jua ikizishukia. Miaka mingi baadaye, katika kumbi za kale zilizo chini ya kanisa hilo, yeye na msaidizi wake walikaa sakafuni wakingoja. Mwali ulipopenya gizani, waliruka wakapunga vitambaa kutimua vumbi, kwani mwali haushikiki machoni pasipo kitu cha kuupokea. Askari aliyewahi kukaa maoteani ataielewa subira hiyo.

Mwaka 1926 alikwenda Italia na rafiki zake wanamuziki. Usiku mmoja aliwatoroka, akaenda kupatafuta mahali alipojeruhiwa. Hakurudi Prague ila baada ya miezi miwili.

Kisha majeshi ya Ujerumani yaliikalia Prague, 1939 hadi 1945, na mwenye kamera barabarani alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Sudek akageukia dirisha la banda lake la mbao. Tangu 1940 hadi 1954 alilipiga picha dirisha lile lile: kioo kikiwa na ukungu wa baridi, au matone ya mvua, mti uliopinda uani ukionekana kama kivuli. Kizingitini aliweka bilauri ya maji, yai, au kipande cha mkate, akangoja nuru ipite ndani ya maji na kuugusa ukingo wa sahani. Vyombo ni vile vile. Saa ilipobadilika, chumba nacho kilibadilika.

Alifariki tarehe 15 Septemba 1976, akiwa na umri wa miaka 80. Hakuwahi kuoa.