Mzee Goldschmidt, mkimbizi wa Aberdeen aliyejua siri za mawe



Kila nikipiga simu nyumbani, mjomba huniuliza hasa nasomea nini huku Aberdeen. Nikimjibu kwamba nasoma udongo, anacheka mpaka salio linakwisha. Kwake yeye udongo haufuatwi kwa ndege. Uko tele mlangoni, tena bure. Mwaka jana nilifika mahali nikaanza kumwamini mjomba, nikachukua hadi fomu ya kubadili kozi. Kilichonizuia kuijaza ni maisha ya mtu mmoja aliyefika mji huu akiwa mkimbizi mwaka 1943. Jina lake Victor Moritz Goldschmidt.

Alizaliwa Zürich, Uswisi, tarehe 27 Januari 1888, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mkemia, na mwaka 1901 alipopata uprofesa Oslo, mji ambao wakati huo uliitwa Kristiania, familia ikahamia Norwei. Kijana alikuwa na kichwa, jamani! Mwaka 1911, akiwa na miaka 23, akapata udaktari. Mwaka 1914, miaka 26 tu, akawa profesa. Sisi wengine umri huo bado tunaomba kuongezewe muda wa kukabidhi insha.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoifanya Norwei ikose malighafi kutoka nje, mwaka 1917 serikali ilimkabidhi maabara ya kutafuta mali iliyomo katika mawe ya nchi. Hapo ndipo swali lake kubwa lilipokua: kwa nini elementi fulani hukaa katika mwamba huu na si ule? Kwa kutumia eksirei, yeye na wasaidizi wake walipima ukubwa wa ioni moja baada ya nyingine, na mwaka 1926 wakatoa jedwali lao. Fikiria viti vya daladala. Abiria akishuka, anayekaa pale ni yule anayeenea. Ndivyo ilivyo ndani ya mawe: ioni zenye ukubwa unaokaribiana na chaji inayolingana huweza kuachiana kiti. Kwa kazi hiyo wengi humwita baba wa jiokemia ya kisasa.

Mwaka 1929 alihamia Göttingen, Ujerumani, akapewa maabara nzuri. Hitler akaingia madarakani mwaka 1933, chuki dhidi ya Wayahudi ikazidi, na mwaka 1935 mzee akajiuzulu, akarudi Oslo. Lakini Wajerumani wakamfuata huko huko, wakaivamia Norwei mwaka 1940. Husimuliwa kwamba alitembea na sumu ya sianidi mfukoni. Mwenzake mmoja alipomwomba naye agawiwe, alijibiwa kwa mzaha kuwa sumu ile ni ya maprofesa wa kemia. Profesa wa mekanika atafute kamba.

Oktoba 1942 alikamatwa, akapelekwa kambi ya Berg. Tarehe 26 Novemba alikuwa bandarini Oslo pamoja na Wayahudi zaidi ya 500 waliokuwa wakipakiwa katika meli ya Donau, safari ya Auschwitz. Dakika za mwisho akatolewa kwenye kundi, kwa sababu utaalamu wake wa madini ulionekana bado una faida. Wenzake wakaondoka, na waliorudi hai ni wachache mno. Desemba ile ile alitoroshwa hadi Uswidi, na mwaka 1943 akaja Uingereza.

Hapa Aberdeen alifanya kazi katika Macaulay Institute, taasisi ya utafiti wa udongo ambayo tangu 2011 ni sehemu ya James Hutton Institute. Baadaye akaenda Rothamsted. Afya ilikuwa imeharibika, lakini aliendelea kuandika kitabu chake kikubwa cha jiokemia. Alirudi Oslo mwaka 1946, akafariki tarehe 20 Machi 1947. Hakuoa, na kitabu hakukimaliza. Wenzake walikikamilisha kikatoka mwaka 1954.

Sasa mtaniuliza, haya yanahusianaje na masomo yangu? Mimi nasoma udongo wa mfinyanzi wa chini sana ardhini, ambamo nchi kadhaa zinataka kuzika taka za nyuklia. Mzee hakuwahi kushughulikia taka hizo, ila hesabu zake ndizo tunaanzia. Udongo huu una vijitabaka vyembamba, kama kurasa za kitabu, vyenye chaji hasi. Katikati ya kurasa za aina iitwayo ilaiti huketi potasiamu. Ikija seziamu 137 kutoka kwenye taka, ambayo mionzi yake hupungua nusu kila miaka 30 hivi, inajipenyeza kwenye kingo za kurasa na kunasa. Ni kubwa kuliko potasiamu, lakini ina chaji ile ile moja na tabia za kindugu.

Tatizo ni iodini 129. Yenyewe ina chaji hasi, kwa hiyo udongo unaisukuma badala ya kuishika, na mionzi yake huchukua zaidi ya miaka milioni 15 kupungua nusu. Inachelewa tu kwa kuwa maji ndani ya udongo ule karibu hayaendi. Inachelewa kiasi gani? Hilo lazima lipimwe, na ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mwaka 2022 Uswisi ilitangaza eneo lililopendekezwa kuzika taka zake: Nördlich Lägern, mamia ya mita chini, katika tabaka la udongo lenye umri wa miaka milioni 175 hivi. Liko wapi? Jimbo la Zürich, alikozaliwa mzee.

Ile fomu ya kubadili kozi nimeichana. Mjomba bado anacheka, lakini juzi aliniuliza kama udongo wa mlangoni kwake nao unashika kitu. Nikamwambia aniwekee kopo moja, nikija likizo nitaupima.